Tiba ya Ubongo kwa Umeme: Ahadi ni Deni



Mwinjili Luka anatusimulia habari za mwanamke ambaye mgongo wake ulikuwa umepinda kwa miaka 18. Tunapoisikia Injili hiyo, mara nyingi tunautazama muujiza na kuisahau hesabu ya miaka. Katika miaka hiyo yote mwanamke yule alikuwa na ndugu, alikuwa na majirani, na alikuwa akienda katika nyumba ya sala kama wenzake. Watu walikuwa wamemzoea. Hata siku ile aliponyooshwa, mkuu wa nyumba ya sala hakufurahi pamoja naye, bali alilalamika kwamba siku iliyochaguliwa haikufaa.

Tunaanza na mwanamke huyu kwa sababu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa unaowapinda watu, juu ya tiba ya umeme inayowekwa ndani ya ubongo ili kuwanyoosha, na juu ya swali la haki ambalo tiba hiyo inalileta mbele yetu. Swali lenyewe ni hili: mtu akiwekewa ndani ya mwili wake chombo kinachohitaji kutunzwa miaka yote ya maisha yake, ni nani mwenye wajibu wa kukitunza? Jibu letu tunalitoa mapema, ili msomaji alipime anapoendelea. Tunasema kwamba wajibu ni wa wale waliokiweka na waliogharimia kiwekwe, na kwamba wajibu huo hauishi siku mgonjwa anapotoka hospitalini. Tiba ya namna hiyo ni ahadi, na wahenga walikwisha sema kwamba ahadi ni deni.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu madaktari huuita distonia. Katika mwili wenye afya, msuli mmoja unapokaza, mwenzake hulegea, na hivyo mkono hukunjuka au shingo hugeuka bila sisi hata kufikiri. Kwa mgonjwa wa distonia, amri zitokazo katika ubongo zimevurugika. Misuli iliyopaswa kupokezana hukaza kwa pamoja, bila hiari yake, na kuusokota mwili. Kwa wengine ni shingo tu inayovutwa upande mmoja. Kwa wengine ni kope zinazojifumba zisitake kufumbuka, au vidole vinavyogoma mara tu kalamu inaposhikwa. Kwa wengine, hasa ugonjwa ukianza utotoni, huanzia mguuni na kupanda hadi ukauchukua mwili mzima. Mara nyingi akili ya mgonjwa hubaki timamu kabisa, naye anasikia yote yanayosemwa juu yake.

Yanayosemwa ni mengi, wala si katika Afrika peke yake. Daktari Hermann Oppenheim wa Berlin ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina lake mwaka 1911. Hata hivyo, kwa miongo mingi baadaye, wagonjwa wengi wa Ulaya na Marekani waliambiwa kwamba kasoro yao iko katika nafsi, wakapelekwa kwa madaktari wa magonjwa ya akili. Ilihitajika kazi ya watu kama David Marsden wa London, katika miaka ya 1970, kuwashawishi madaktari wenzao kwamba hitilafu imo katika ubongo. Mwaka 1997 watafiti nchini Marekani waliitambua jeni ambayo kasoro yake ndogo huleta aina moja ya distonia ya utotoni. Wenzetu walisema ni nafsi, na sisi tunasema ni uchawi au pepo. Kosa ni lile lile, yaani kumhukumu mgonjwa kwa jambo ambalo sisi wenyewe hatujalielewa.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa binti wa miaka 10 hivi, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa ukigeukia ndani kila ilipofika alasiri, hata akawa anaanguka njiani akitoka shuleni. Mama yake alituambia, "Padre, asubuhi anatembea kama wenzake. Jioni ndipo anapokamatwa." Majirani walisema ametupiwa kitu. Mwalimu wake alisema anajisingizia, kwa maana mguu mgonjwa hauponi kila asubuhi. Sisi tulimwekea mikono, tukamwombea, tukamrudisha nyumbani. Kuomba hatukukosea; tulikosea kuishia hapo.

Baadaye daktari mmoja alitufahamisha kwamba iko aina ya distonia, iliyoelezwa na daktari Masaya Segawa wa Japani katika miaka ya 1970, ambayo alama yake kubwa ni hiyo hiyo: nafuu asubuhi baada ya usingizi, na kuzidiwa jioni. Dawa yake ni vidonge vya levodopa, vile vile wanavyopewa wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, tena mara nyingi kwa kipimo kidogo tu. Mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni huweza kusimama na kutembea. Tulipoyajua hayo, familia ile ilikuwa imekwisha hama.

TIBA YA UMEME

Wagonjwa wengi wa distonia hawamo katika kundi hilo lenye bahati. Kuna vidonge vingine vinavyotuliza misuli kwa kiasi. Kuna pia sindano za sumu ya botulinamu, ambazo hulegeza msuli unaodungwa kwa muda wa miezi 3 hivi. Sindano hizo ni msaada mkubwa kwa mwenye ugonjwa wa shingo au wa kope, lakini haiwezekani kuudunga mwili mzima.

Kwa wale walioshindikana, madaktari wamejaribu upasuaji tangu zamani. Irving Cooper wa New York, katika miaka ya 1950 na 1960, aliwapasua watoto wengi waliokuwa wamesokotwa, akiharibu kwa makusudi sehemu ndogo sana ya ubongo, hata kwa kuigandisha kwa baridi kali. Baadhi yao walipata nafuu ya ajabu. Lakini kilichoharibiwa katika ubongo hakirudi, na upasuaji wa pande zote mbili uliwaachia wengine shida ya kusema.

Mwaka 1987 Alim-Louis Benabid na Pierre Pollak, huko Grenoble nchini Ufaransa, walifungua njia nyingine kwa wagonjwa wa kutetemeka. Badala ya kuharibu, waliacha ndani ya ubongo waya mwembamba unaopitisha mapigo madogo ya umeme, zaidi ya 100 kwa kila sekunde. Yasipofaa, umeme huzimwa. Mwaka 1996 Philippe Coubes na wenzake wa Montpellier, nchi hiyo hiyo, waliitumia njia hiyo kwa mtoto wa kike mwenye distonia ya mwili mzima, ambaye hali yake ilikuwa mbaya hata akawa anapumua kwa msaada wa mashine. Mwaka 2000 walitoa taarifa ya wagonjwa 7, watoto 6 na mtu mzima 1, wote wakiwa na kasoro ya ile jeni iliyotambuliwa mwaka 1997. Kwa wastani, dalili zao zilikuwa zimepungua kwa kiasi cha asilimia 90.

Wengine wakafuata. Mwaka 2003 serikali ya Marekani iliiruhusu tiba hii kwa distonia. Mwaka 2005 madaktari wa Ufaransa walieleza habari za wagonjwa 22 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima: kipimo cha ukali wa ugonjwa kilishuka kutoka wastani wa alama 46 hadi 21. Mwaka 2006 ukatolewa uchunguzi mwingine wa wagonjwa 40. Wote waliwekewa chombo, lakini kwa miezi 3 nusu yao umeme wao haukuwashwa, nao hawakuambiwa. Waliowashiwa walipata nafuu kubwa, na wasiowashiwa karibu hawakubadilika. Baada ya miezi hiyo wote waliwashiwa. Basi hatuzungumzi juu ya uvumi wala miujiza ya kununua. Ni tiba ya kweli.

Chombo chenyewe kiko hivi. Fuvu hutobolewa pande mbili, na waya mwembamba hushushwa upande wa kulia na wa kushoto hadi katika kiini kilichomo ndani sana, kiitwacho globasi palidasi, ambacho ni mojawapo ya vituo vinavyoratibu mwendo wa mwili. Nyaya hizo hupitishwa chini ya ngozi ya shingo hadi kifuani, kwenye kisanduku kidogo chenye betri kinachokaa chini ya mfupa wa mtulinga. Daktari huongeza au hupunguza nguvu ya umeme akiwa nje, kwa chombo kinachowasiliana na kisanduku hicho bila waya.

Sasa tuyaangalie mambo matatu ambayo hoja yetu imesimama juu yake. La kwanza, kutetemeka hukoma mara umeme unapowashwa, lakini distonia hulegea polepole, kwa wiki na kwa miezi. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kumrudia daktari mara nyingi ili kipimo kinachomfaa kipatikane. La pili, betri huisha. Betri isiyochajiwa, kwa mgonjwa wa distonia, huweza kuisha baada ya miaka michache tu, na kuibadilisha ni upasuaji mwingine na gharama nyingine. Betri ya kuchajiwa hudumu miaka 9 au zaidi, lakini inataka umeme wa nyumbani na mtu wa kukumbuka. Aidha, nyaya huweza kukatika, na kidonda huweza kuingiwa na vijidudu. La tatu, chombo hakiuondoi ugonjwa, bali kinaushikilia usiinuke. Umeme ukikoma ghafla, mwili husokotwa upya, na wakati mwingine kwa ukali unaohatarisha maisha.

HABARI ZA KISIWA CHA PANAY

Ili tusizungumze hewani, twende mahali ambapo maskini wengi wameupata ugonjwa huu. Katikati ya visiwa vya Ufilipino kiko kisiwa kiitwacho Panay. Watu wake wengi ni Wakatoliki, na wengi huishi kwa kilimo cha mpunga na miwa, na kwa uvuvi. Humo, na hasa katika mkoa wa Capiz, kuna aina ya distonia ambayo haionekani sana mahali pengine duniani, ila kwa watu ambao asili yao ni huko. Wenyeji huuita lubag, neno lenye maana ya kusokotwa. Daktari Lillian Lee na wenzake waliwatangazia madaktari wa dunia habari zake mwaka 1976.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa mama. Yeye mwenyewe kwa kawaida haugui, lakini kila mtoto wake wa kiume yuko katika hatari, nusu kwa nusu, ya kuurithi. Watafiti wameutambua mzizi wake: kipande cha DNA kilichojipachika katika jeni iitwayo TAF1 na kuivuruga kazi yake. Mwanamume huzaliwa salama, hukua, huoa, hupata watoto, na afikapo umri wa miaka 40 hivi mwili wake huanza kupindapinda. Baada ya miaka, kupinda huchanganyika na ugumu na uzito wa mwendo kama wa ugonjwa wa Parkinson. Kumeza kunakuwa shida, mwili unakonda, na wengi hufa kwa homa ya mapafu. Tangu dalili za kwanza hadi kifo ni miaka 16 hivi kwa wastani. Tuitazame vizuri hesabu hiyo: ugonjwa unamchukua baba katika umri ule ambao watoto wako shuleni na wazee wake wamekwisha kuwa tegemezi. Na mama anayemwuguza mumewe leo huenda kesho akamwuguza kaka yake.

Tiba ya umeme inawasaidia watu hawa. Mwaka 2019 madaktari wa Lübeck, nchini Ujerumani, walitoa taarifa ya wanaume 16 wenye lubag waliotoka Ufilipino wakapasuliwa huko. Kusokotwa kwao kulipungua sana, ingawa dalili zilizofanana na za Parkinson zilipungua kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa mtu aliyekuwa hawezi kukaa kitini wala kulala usingizi kwa jinsi mwili unavyompiga, hiyo si nafuu ndogo. Wahenga wetu wana neno juu ya hayo: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mgeni huondoka, au mwenyeji hurudi kwao. Tuwaze hali ya mtu aliyerudi Panay akiwa na betri kifuani. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga kiitwacho Haiyan, ambacho Wafilipino walikiita Yolanda, kilipita juu ya sehemu ya kaskazini ya kisiwa hicho. Nyumba zilianguka, minazi ikang'oka, na sehemu nyingi zilikaa wiki kadhaa bila umeme. Kwa jirani yake, kukosa umeme ni kukosa taa. Kwa mwenye betri ya kuchajiwa, kukosa umeme ni kuhesabu saa zilizobaki kabla mwili wake haujaanza kumsokota. Hatuandiki haya kuwalaumu madaktari waliofanya kazi njema. Tunaandika ili tuone kwamba wema wa namna hii una mkia mrefu.

HUKUMU YETU

Kanisa halikuanza leo kuyafikiria mambo haya. Mwezi Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliwahutubia wataalamu wa magonjwa ya mfumo wa neva, akawakumbusha kwamba faida ya sayansi au ya jamii, peke yake, haimpi daktari mamlaka juu ya mwili wa mgonjwa. Daktari ana mamlaka yale tu ambayo mgonjwa amempa, na mgonjwa naye si mmiliki wa mwili wake asiyekuwa na mipaka. Mwezi Novemba 1957, alipozungumza na madaktari wa dawa za usingizi, alifundisha kwamba tunawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, si njia zinazotutwika mzigo mzito kupita kiasi sisi au wenzetu.

Katika mafundisho hayo tunaona mambo mawili, ridhaa na mzigo, na yote mawili yanahusu miaka inayofuata upasuaji kuliko siku ya upasuaji wenyewe. Ridhaa ya kweli haiwezi kutolewa na mtu aliyeelezwa habari za waya tu, asielezwe habari za betri. Mgonjwa aliyekata tamaa atakubali chochote. Akiwa amesokotwa kwa miaka kumi, ukimwonyesha picha ya mwenzake anayetembea, atatia sahihi hata karatasi tupu. Ndiyo maana kumweleza ukweli ni wajibu wa haki, wala si hisani. Aambiwe kinachoweza kupona na kisichoweza, aambiwe atarudi hospitali mara ngapi, iko wapi, nauli ni nani atakayetoa, na betri ya pili itatoka mfukoni mwa nani.

Kuhusu mzigo, yako mambo yaliyokwisha tokea. Kampuni moja ya Marekani ilitengeneza chombo cha kupachikwa katika jicho ili kuwapatia baadhi ya vipofu uwezo wa kuona mwanga na maumbo. Mwaka 2019 iliacha kukitengeneza kwa sababu za kifedha, na watu waliokuwa nacho machoni wakabaki bila mtu wa kuaminika wa kukitengeneza kinapoharibika. Hayo yametokea katika nchi tajiri. Kwetu sisi hatuhitaji kwenda mbali. Ni nani kati yetu asiyejua hospitali yenye mashine ya msaada iliyofunikwa shuka pembeni, kwa sababu kipuri chake hakipatikani na fundi aliyeifunga amekwisha rudi kwao? Mashine iliyokufa chumbani ni hasara. Mashine iliyokufa ndani ya mtu ni dhuluma.

Kwa hiyo tunasema wazi: yeyote anayeleta tiba ya namna hii kwa maskini, awe serikali, kampuni, chuo kikuu, au shirika la hisani, hata lile la Kanisa, aandike tangu mwanzo ni nani atakayerekebisha kipimo, ni nani atakayebadilisha betri, na kwa miaka mingapi. Asipoweza kuyaandika hayo, asipasue. Na wale waliojitoa ili sayansi ijifunze kwa miili yao wasiachwe mara utafiti unapokwisha, kwa kuwa faida ya utafiti huo huendelea kuwafikia wengine kwa miaka mingi.

WANAOTUPINGA

Wako watakaotuambia, "Watoto bado wanakufa kwa malaria, nanyi mnahangaikia nyaya za ubongo!" Hoja hiyo ina uzito. Nchini Marekani upasuaji huu pamoja na vifaa vyake hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Hatudai kila hospitali ya wilaya iwe na tiba hii kesho. Tunachodai ni utaratibu wa haki, na utaratibu wa haki huanzia chini.

Chini kabisa iko kinga. Mtoto mchanga akipata homa ya manjano kali asitibiwe, sumu ile ya manjano huweza kuharibu kiini kile kile cha globasi palidasi ambacho wapasuaji huweka waya wao. Mtoto huyo akiishi, huweza kukua na distonia maisha yake yote. Tena kwa watoto ambao ubongo wao umeharibika wakati wa kuzaliwa au mara baada ya hapo, tiba ya umeme kwa kawaida husaidia kidogo kuliko kwa wenye ugonjwa wa kurithi, na matokeo yake ni vigumu kuyatabiri. Lakini kuzuia kungeweza kufanyika kwa taa maalumu ya mwanga wa buluu juu ya kitanda cha mtoto, na kwa muuguzi anayeitazama rangi ya macho na ngozi yake katika siku za kwanza. Juu ya kinga iko dawa rahisi, kama vile levodopa, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kisha ziko sindano, na mwisho kabisa waya. Anayelilia waya wakati wodi ya wazazi haina taa ameanza kujenga nyumba kwa paa.

Wengine watatupinga kutoka upande wa pili. Watasema kwamba masharti yetu yatawanyima maskini hata kile kidogo, kwa maana nafuu ya miaka mitatu ni bora kuliko kukosa kabisa. Tunalichukua neno hili kwa uzito, kwa sababu ndilo neno ambalo mgonjwa mwenyewe angelisema. Basi na alisema yeye, baada ya kuelezwa yote. Akijua kwamba ni miaka mitatu, akaichagua ili amwone binti yake akimaliza shule, sisi ni nani hata tumkatalie? Lakini mfadhili hana ruhusa ya kumchagulia. Kutoa nafuu ya miaka mitatu huku ukiacha mtu aamini kwamba ni ya maisha ni kumdanganya mnyonge, hata kama picha za sherehe ya kukabidhi zilipendeza.

TUFANYE NINI

Parokia haina chumba cha kupasulia ubongo. Hata hivyo iko kazi ambayo hakuna atakayeifanya kama sisi hatuifanyi. Kwanza, tuwatafute watu hawa, kwa sababu wengi wamefichwa ndani. Katekista, mjumbe wa Jumuiya, na mama wa WAWATA anayetembelea wagonjwa wanajua nyumba ambayo kuna mtu asiyetoka nje. Pili, tukatae katakata kumtaja mtu kuwa ndiye aliyemroga. Mgonjwa akisha patiwa mchawi, familia huacha kutafuta daktari, na bibi kizee asiye na hatia hupata hatari.

Tatu, tuandike kwa makini kile tunachokiona: ugonjwa ulianza lini, katika kiungo gani, kama asubuhi ni tofauti na jioni, kama kuna ndugu wengine wenye hali hiyo, na kama alipokuwa mchanga macho yake yalikuwa ya manjano. Karatasi hiyo moja, ikifika mkononi mwa daktari, huweza kufupisha safari ya miaka. Nne, tunapoletewa msaada wa chombo chochote cha kitabibu katika zahanati na hospitali zetu, viongozi wa walei wawe na ujasiri wa kuuliza maswali ya betri na kipuri kabla ya kupiga makofi. Hiyo si kukosa shukrani.

Mwanamke wa Injili alinyooshwa mara moja, na hakuhitaji kurudi kubadilishiwa kitu. Sisi hatuna uwezo huo. Kunyoosha kwetu ni kwa miezi na miaka, kwa kurudi na kurekebisha, na kwa mtu kuwapo pale alipoahidi kuwapo. Kwa sababu hiyo uaminifu wetu ni sehemu ya dawa yenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika eneo la Jumuiya yetu yuko mtu ambaye mwili wake unasokotwa au kupinda bila hiari yake? Watu husema nini juu yake, na yeye mwenyewe husema nini?

2. Watoto wachanga wa eneo letu huzaliwa wapi, na ni nani anayewatazama katika wiki ya kwanza? Kituo chetu cha afya kina taa ya kutibu homa ya manjano?

3. Ni msaada gani uliowahi kuletwa kwetu ukafa kwa kukosa utunzaji? Tulipaswa kuuliza nini siku ulipokabidhiwa?

4. Sisi wenyewe tuna ahadi gani kwa mgonjwa ambayo hatujaitimiza?